Waya wa Kahawia

Garissa, 6 Februari 1983

Baba mkubwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima. Mama ameniandikia kutoka Jericho kwamba kifua kimekurudia na kwamba umekataa kulazwa. Ananiambia pia kuwa kabeji sokoni zimeoza kwa mvua isiyo na msimu, na kwamba baba bado anapakia magunia kule Industrial Area, mgongo wake ukilalamika kuliko yeye mwenyewe.

Daftari lako limefika. Yule mfanyabiashara, Abdiqadir, alilileta likiwa limefungwa katikati ya majora ya vitambaa, bila doa. Sikujua utanipa lile lenyewe, la majaribio ya mwaka 1973 na 1974. Kwenye jalada la ndani nimeikuta ile kanuni uliyonifundisha nikiwa darasa la saba: "Kosa halifutwi na karatasi haichanwi. Piga mstari mmoja juu ya kosa, ili atakayekuja baadaye alisome." Wasichana wangu wote wa kidato cha tatu wameinakili.

Nina maswali mawili yao. La kwanza: nikiunga taa mbili kwa mfululizo zinafifia, nao wanashikilia kwamba taa ya kwanza imekula sehemu ya mkondo. Nimewaeleza mara nne. La pili ni la Ruqiyo, msichana ambaye hakubali kitu mpaka akizungushe pande zote. Aliniuliza, "Mwalimu, swichi ukiiweka kwenye waya wa kwenda au wa kurudi, taa inazimika vile vile. Sasa kwa nini vitabu vinang'ang'ania waya wa kwenda?" Nilimjibu nijuavyo, lakini ningependa kusikia wewe ungemjibu vipi.

Halafu jambo dogo. Daftari lako lina namba kila ukurasa. Kutoka 60 linaruka hadi 63. Ilikuwaje?

Mwanao,
Lydiah


Mbotela, 27 Februari 1983

Mwanangu Lydiah,

Nimefurahi kuona mwandiko wako umetulia. Mimi sijambo kwa kadiri ya mzee wa miaka sitini na miwili. Kifua ni kifua. Daktari amenionyesha picha yake, nami nikamwambia nimewahi kuona saketi zilizoungwa vizuri zaidi. Hakucheka. Jirani huniletea uji asubuhi, na jioni hukaa mlangoni nikiwatazama wachuuzi wa Jogoo Road wakirudi na mizigo ambayo hawakuuza.

Kuhusu mkondo kuliwa: acha kuwaeleza. Umewaeleza mara nne na wameshinda mara nne. Chukua ameta mbili, vile vipimo vya mkondo. Moja iweke kabla ya taa ya kwanza, nyingine baada ya taa ya mwisho. Kabla ya kufunga swichi, kila msichana aandike anachotarajia, atie sahihi. Wanaosema mkondo unaliwa wataandika kuwa ameta ya pili itasoma kidogo. Kisha funga swichi. Zote mbili zitasoma sawa. Mkondo hauliwi, unaotoka ndio unaorudi. Kinachogawanywa kati ya taa ni volti, yaani ule msukumo, ndiyo maana kila taa inafifia. Lakini hilo waambie baada ya kuona, si kabla. Mtu aliyetia sahihi chini ya kosa lake halisahau.

Ukitoka hapo waunge taa sambamba. Kila taa ipate njia yake. Chomoa moja, waone nyingine ikiendelea kuwaka. Waulize nyumba zao zimeungwa vipi. Usikubali jibu la kukariri.

Ukurasa ule nadhani ni panya. Panya wa Mbotela wamekula fizikia nyingi kuliko wanafunzi wangu.

Msalimie mwalimu mkuu wako. Kula vizuri.

Baba yako mkubwa,
Z. Irungu


Garissa, 20 Machi 1983

Baba mkubwa,

Nakusalimu. Ameta zimefanya kazi yake. Wasichana walizisoma tena na tena, kisha wakaanza kugombana wao kwa wao, nami nikafurahi. Pole kwa kifua. Mama anasema umekonda.

Ulijibu swali la kwanza kwa ukurasa mzima. La Ruqiyo hukuligusa.

Na panya hatumii wembe na rula. Nimeitazama ile karatasi ilipokatwa. Ni mstari ulionyooka toka juu hadi chini. Ukurasa wa 60 ni wa Ijumaa tarehe 15 Februari 1974. Ule wa 63 ni wa tarehe 4 Machi. Tarehe zilizo katikati sihitaji daftari ili kuzijua. Jumamosi tarehe 16, asubuhi ya maonyesho ya sayansi shuleni kwako, msaidizi wako wa maabara, Matheka, alizima swichi ya ule ubao wa taa uliotengenezwa na baba, akashika balbu iliyovunjika ili aibadilishe, mkono wa pili ukiwa kwenye bomba la maji, akafa. Siku tisa baadaye baba alikamatwa. Korti ilisema alifunga swichi kwenye waya wa kurudi, kwa hiyo taa ilizimika lakini mahali pa balbu palibaki na moto wa stima. Wewe ndiye uliyemweleza hakimu. Baba alifungwa miezi minane, na kazi ya ufundi wa stima ikaishia hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sijawahi kukuuliza lolote kwa sababu wewe ndiwe uliyenisomesha. Lakini kuna mambo ambayo huenda huyajui, kwa kuwa hujakanyaga nyumba yetu miaka hii yote, na Mbotela na Jericho ni majirani. Balbu ikiungua nyumbani, mama hupanda kiti mwenyewe. Baba hutoka nje asubiri mpaka aitwe. Na kila mvua inapokaribia, baba hupanda basi hadi Kangundo kwa Syombua, mjane wa Matheka, akamlimie shamba siku tatu. Hakuna aliyemtuma. Mama alipomwuliza kwa nini, alijibu, "Mtu niliyemwondolea mume nitamwachaje na jembe?"

Kwa hiyo nauliza mara moja, kwa heshima. Ulipoufungua ubao mara ya kwanza baada ya Matheka kufa, swichi uliikuta kwenye waya upi?

Lydiah


Mbotela, 12 Aprili 1983

Lydiah,

Salamu. Mvua imeanza. Nimelazwa siku sita, nimerudi.

Sikukusomesha ili uje unihoji kama karani wa korti. Mambo ya mwaka 1974 yalisikilizwa na watu wenye mamlaka ya kuyasikiliza, mashahidi wakaapa, na hukumu ikatolewa. Plagi ilifunguliwa mbele ya hakimu na ikakutwa sawa, kila waya mahali pake. Baba yako alipewa nafasi ya kujitetea akasema hakumbuki vizuri. Si mimi niliyemsahaulisha.

Mtu akiamua kwenda kulima Kangundo, hilo ni lake na Mungu wake. Wewe fundisha wasichana wako. Yule Ruqiyo mwambie vitabu husema hivyo kwa sababu za usalama, na anyamaze.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Z. Irungu


Garissa, 8 Mei 1983

Baba mkubwa,

Nakutakia nafuu, na ninamaanisha, kwa sababu nataka uishi mpaka unijibu.

Nilikuuliza swichi, ukanijibu plagi. Katika barua zangu zote sikuitaja plagi. Sikujua hata kama ina habari. Mtu anayeulizwa kuhusu mlango akakimbilia kutetea dirisha, mimi huenda moja kwa moja kwenye dirisha.

Nilimwandikia mama amwulize baba swali moja tu: plagi ya ule ubao ilikuwa ya aina gani? Amejibu. "Baba yako amesema aliifunga mwenyewe, ya miguu bapa, kisha akaacha chakula akaondoka mezani." Lakini maabara yako ilikuwa na soketi za matundu ya mviringo. Naikumbuka, nilikuwa nikija Jumamosi kuosha chupa. Plagi ya miguu bapa isingeingia. Kwa hiyo kuna mtu aliyeibadilisha.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Ruqiyo na mimi tulijenga ubao kama ule. Swichi tukaiweka kwenye waya wa kahawia, ulio na moto, kama fundi yeyote afanyavyo. Tukazima. Tukagusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa moto, mahali pa balbu: giza. Kisha hatukugusa ubao kabisa. Tulifungua plagi tu, tukapishanisha waya wa kahawia na wa buluu. Taa ikawaka vizuri. Tukazima, ikazimika vizuri. Tukagusisha testa mahali pa balbu, na testa ikawaka. Ruqiyo aliiwasha taa na kuizima tena, halafu akasema, "Kumbe taa haisemi kitu." Hilo ndilo jibu la swali lake, na amelipata bila wewe.

Kwa hiyo Matheka angeweza kufa kwa njia mbili: kwa kosa la ubaoni au kwa kosa la plagini. Korti iliikuta plagi sawa na ubao una kosa. Baba aliapa kuwa aliweka swichi kwenye waya wa kahawia, mpaka walipomzungusha akaanza kujitilia shaka. Mmoja wao anasema uongo, baba au ubao. Na ubao hauna sababu ya kusema uongo isipokuwa kuna mtu aliyeufundisha.

Ufunguo wa maabara ulikuwa na nani kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu mkaguzi wa stima alipofika?

Mama anasema madaktari wamekupa miezi michache. Ukifa kabla ya kujibu, sitalia. Nitasimama kanisani mbele ya watu nisome barua hizi, na yako ya Aprili nitaisoma mara mbili.

Lydiah


Mbotela, 29 Mei 1983

Mwanangu,

Salamu. Mwandiko huu ni mbaya; sikutaka kumpa mtu mwingine aandike. Mvua imekatika. Chakula hakipiti. Hizo ndizo habari zangu.

Ufunguo ulikuwa nami.

Ijumaa ile, tarehe 15, saa nane mchana, baba yako alileta ubao akaniachia na kurudi kazini. Ilikuwa kazi safi. Sijaona safi kuliko ile. Nilipotaka kuujaribu, plagi haikuingia kwenye soketi zetu. Nilimpigia simu kule karakanani. Akasema, "Kaka, usiikate, niache nikitoka kazini nipitie." Nikaona aibu kumngoja mdogo wangu anifungie plagi. Nikaikata, nikatoa plagi ya mviringo stoo. Matheka alinishikia waya. Akaniambia, "Mwalimu, si tumngoje fundi?" Nikamwuliza, "Nani amesoma hapa?" Akacheka, akaushika waya kama nilivyomwamuru.

Waya ule ulikuwa wa aina mpya iliyokuwa imeanza kuuzwa madukani: kahawia na buluu, na ule wa ardhi wa kijani na njano. Mimi nilisoma zamani. Katika vitabu vyangu nyekundu, njano na buluu ndizo nyaya tatu za moto, na nyeusi ndiyo ya kurudi. Nikatazama: nyeusi haipo. Nikajisemea, buluu ni moto, hilo nalijua. Kahawia ndiyo iliyo karibu na nyeusi, basi ndiyo inayorudi. Kibarua yeyote wa Industrial Area asiyejua kusoma angenirekebisha, kwa sababu yeye alinunua waya ule dukani na kuambiwa. Lilikuwa kosa la mtu aliyesoma. Testa ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Sikuichukua. Nilibonyeza swichi, taa zikawaka, nikamwambia Matheka, "Umeona?"

Nimewafundisha vijana miaka thelathini na moja kwamba jaribio ambalo jibu lake litakuwa lile lile, uwe umepata au umekosea, si jaribio. Taa ingewaka kwa vyovyote vile. Nililijua hilo kwa chaki, sikulijua kwa mkono.

Hayo ni makosa, na makosa huandikwa. Sasa soma yasiyo makosa.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, niliingia maabara peke yangu. Nilichukua testa. Swichi ikiwa imezimwa, ilinionyesha moto mahali pa balbu. Nikaufungua ubao: swichi ilikuwa kwenye waya wa kahawia, pale pale baba yako alipopaswa kuiweka. Nikaifungua plagi nikaona kazi yangu. Niliandika yote, ukurasa wa 61, na mchoro wake, kwa sababu ndiyo desturi yangu na mkono ulikwenda wenyewe. Nilikaa kwenye kiti kama nusu saa. Nilikuwa nimeitwa kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi ya ukaguzi wa shule. Nikajiambia: mdogo wangu Njogu ni fundi, kosa la mkono watamsamehe. Mimi ni mwalimu. Kosa la akili hawatanisamehe.

Nikageuza nyaya kwenye plagi, nikaziweka sawa. Kisha nikaufungua ubao tena nikaihamisha swichi kutoka waya wa kahawia hadi wa buluu. Ubao ukabaki na hatari ile ile. Kilichohama ni kosa tu: lilitoka kwangu likaenda kwake. Nikaukata ukurasa. Jumatatu nikampa mkaguzi wa stima ufunguo.

Kortini nilichora saketi kwa chaki kwenye ubao wa kuandikia. Nilieleza njia ya mkondo toka mahali pa balbu, mkononi, moyoni, hadi kwenye bomba la maji na ardhini. Hakimu alinisifu kwa ufafanuzi. Baba yako alikaa kizimbani akinisikiliza kama mwanafunzi. Nilipomaliza nilimwona akitazama mikono yake. Hapo ndipo alipoanza kuniamini mimi kuliko mikono yake. Angekataa mpaka mwisho ningeweza kuishi naye. Kuamini kwake ndiko kulikonifanya nisiikanyage nyumba yenu.

Sijakusamehe kwa kunilazimisha niyaandike haya. Najua ni upumbavu kukukasirikia, lakini nimebakiwa na nguvu kidogo, na nyingi zimetumika kukukasirikia. Nilikuwa nimepanga kufa mwalimu.

Ukurasa wa 61 ninao. Ulikuwa nyuma ya cheti changu cha ualimu, ndani ya fremu, ukutani, hapo ambapo umekitazama tangu utoto. Sikuuchoma. Usiniulize sababu, sina iliyo nzuri. Nimeuweka humu pamoja na maelezo niliyotia sahihi. Nakala nimepeleka polisi. Nilikwenda mwenyewe kwa mkongojo. Ofisa aliandika, akanitazama, akasema mzee nenda nyumbani upumzike, tutakujulisha. Nilitaka anifungie ndani. Hata hilo nimelichelewa.

Irungu


Jericho, 19 Juni 1983

Baba mkubwa,

Niliomba ruhusa nikaja. Niko Jericho, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka mlangoni pako, na bado nakuandikia, kwa sababu nikikuona nitakutukana, nami sijalelewa hivyo. Mama ndiye anayekuletea barua hii. Usimkaribishe chai. Ameniambia hawezi kuimeza.

Nilimsomea baba barua yako leo baada ya kanisa. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika mahali ulipoihamisha swichi, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaomba penseli. Baba mkubwa, huyu ni mtu ambaye kwa miaka tisa hajashika hata fyuzi. Alichora ule ubao nyuma ya kalenda, taa sita, kila kiungo, bila kusita, na alipofika kwenye swichi akabonyeza penseli mpaka ikavunjika. Akasema, "Niliiweka kwenye kahawia. Nilikuwa najua." Akasema tena, "Nilikuwa najua, wakanifanya nisijue."

Nilidhani atafurahi. Hilo ndilo kosa langu, naliandika bila kulifuta. Alitoka nje, akapiga ukuta wa choo kwa ngumi mpaka majirani wakaja. Zile nyumba zetu unazijua, mtu hawezi kukasirika peke yake. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Mama akajibu, "Upo, ni wa zamani."

Najua utauliza juu yangu hata kama huna uso wa kuuliza. Watoto wa Jericho waliniita binti wa fundi wa kifo. Wewe ukanihurumia, ukanilipia ada, ukaninunulia vitabu, ukanifundisha kwamba kweli hupimwa. Nilikupenda kuliko baba. Nilimwonea haya baba mbele yako. Hicho ndicho ulichoninunulia.

Baba anasema hivi, nami naandika kama alivyosema: hataki barua. Polisi hawamhusu, na kanisa utawaambia ukitaka. Anataka uende Kangundo umwambie Syombua kwa kinywa chako, yeye akiwepo asikie. Mvua au jua, kikohozi au damu. Amekodi pikapu ya Jumamosi ijayo. Atakupitia saa moja asubuhi. Amesema usipokuwa mlangoni hatagonga.

Lydiah


Mbotela, 3 Julai 1983

Mwanangu Lydiah,

Umesharudi Garissa, nami sikukuona. Ulifanya vyema. Nakusalimu. Hii naandika nikiwa nimelala, kidogo kidogo kwa siku tatu.

Nilikuwa mlangoni tangu saa kumi na mbili. Baba yako alinipandisha mbele, pamoja na dereva, yeye akakaa nyuma penye mzigo. Mpaka Kangundo hatukusemezana.

Syombua ni mwanamke mwembamba, mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Aliwaita wazee wawili wa ukoo wakae. Nilisema yote. Sikulia na sikuomba msamaha. Niliogopa angenipa kwa huruma ya kifua changu. Mzee mmoja alitaka kuinuka anipige, mwenzake akamshika koti. Syombua hakuniuliza kuhusu waya. Aliuliza, "Ulisema alikushikia. Alikwambia nini?"

Nikamwambia: alisema, mwalimu, si tumngoje fundi?

"Rudia."

Nikarudia. Akataka nirudie tena, aliposema sauti yake ilikuwaje, alikuwa amesimama wapi, alivaa nini. Nikamwambia alikuwa amekunja mikono ya shati. Nadhani nilirudia mara saba. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyempelekea neno hata moja la siku za mwisho za mumewe, na mimi nilikuwa nimelikalia. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo pia niliiba.

Kisha akamgeukia baba yako. Akamwambia, "Njogu, kila ulipokuja kulima nilikuwekea chakula nje. Sikutaka kula na wewe. Nilikuwa napika kwa chuki, na wewe unakula unasema asante." Baba yako akajibu kwamba chakula kilikuwa kizuri. Walicheka wote wawili, ghafla, kicheko kibaya, halafu yule mama akajifunika uso kwa khanga. Alipojifunua alinionyesha lango. Nikaenda kungoja ndani ya pikapu. Baba yako alikaa na wao hadi saa tisa.

Wakati wa kurudi alikuja kukaa mbele. Tulibanana watu watatu, bega lake kwenye bega langu. Nilisubiri anipige au anisemeze, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Tulipopita Tala akafungua kinywa.

Alisema, "Mama yetu alikufa mwaka sabini na sita. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniambia, Njogu, tubu ile damu."

Nikaushika mkongojo wangu kwa mikono miwili.

"Mimi umeniambia," akasema. "Syombua umemwambia. Ukifika huko unakokwenda, anza na mama."

Tulifika Mbotela. Alinishusha, akanifungulia mlango kwa sababu mkono wangu haukuweza kufuli, akaenda zake.

Irungu